Mlimani kwa kozi nisiyoitaka, au Mbeya kwa ninayoitaka?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, kombi ya PCM, nikapata divisheni ya pili ya pointi 10: Fizikia C, Kemia D, Hesabu C. Matokeo yalitoka nikiwa JKT Msange, hivyo kaka yangu ndiye aliyeniombea vyuo, kwa kijana wa stesheneri hapa Nzega. Nimechaguliwa sehemu tatu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani), Shahada ya Sayansi na Elimu (uhandisi niliuweka wa kwanza, nikakosa), Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), Uhandisi wa Ujenzi, na chuo kimoja binafsi Dar, mambo ya biashara na kompyuta. Tangu kidato cha pili nataka kuwa injinia. Baba anasema Mlimani ni Mlimani, nisichezee bahati. Kaka anasema nikubali Mlimani halafu nitahamia uhandisi humo humo. Mama anaogopa Mbeya, hatuna ndugu huko, wakati Dar shangazi yupo Mbagala na ameshasema nitakaa kwake. Mkopo nimeomba, majibu bado. Muda wa kuthibitisha unakwisha. Nithibitishe kipi?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na hongera. Nianze na jambo ambalo hukuuliza, maana ndilo linaloweza kukukosesha vyuo vyote vitatu. Kijana wa stesheneri alijaza namba ya simu ya nani?

Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hathibitishi kwa maneno. Anatumiwa namba maalumu kwa meseji, kwenye simu ile ile iliyoandikwa kwenye maombi, na namba hiyo ndiyo anaiingiza kwenye akaunti yake ya udahili katika chuo alichokichagua. Msimu wa maombi stesheneri zinajaa, na waombaji wengi kama wewe wapo kambini bila simu. Basi kijana anaweka namba yake mwenyewe na barua pepe aliyoifungua yeye, kazi iende. Wewe unakaa nyumbani unasubiri meseji, kumbe ilishafika siku nyingi na imezikwa chini ya za wenzako. Nenda leo na kaka yako. Dai jina la kuingilia na neno la siri la kila chuo, ubadilishe maneno hayo ya siri papo hapo, na kama meseji imefutika omba namba nyingine ukiwa ndani ya akaunti. Ikigoma, piga simu ofisi ya udahili ya chuo husika, usingoje siku ya mwisho. Na usimwachie kijana akuthibitishie wakati wewe haupo. Nimeshaona mtoto aliyethibitishwa chuo asichokijua kwa sababu ndicho kilichotokea juu kwenye kioo.

Sasa swali lako. Kwa haya uliyoniandikia, thibitisha Mbeya.

Tuanze na ushauri wa kaka yako, maana ndio unaovutia kuliko yote na ndio mbovu kuliko yote. Hapo lazima tuzisome pointi zako vizuri. Ile 10 iliyo kwenye matokeo yako ni ya divisheni, ambako pointi zikiwa chache ndiyo sifa. Vyuo havihesabu hivyo. Kwenye udahili A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na wanaangalia masomo mawili yanayotakiwa na kozi. Kwa uhandisi ni Hesabu na Fizikia, kwa hiyo wewe una 3 na 3, jumla 6. Kiwango cha chini cha kuingia shahada yoyote kwa mhitimu wa kidato cha sita ni 4. Umekivuka, hakuna anayekuonea huruma kukuchukua. Lakini kuvuka kiwango ni tiketi ya kusimama kwenye foleni tu. Uhandisi pale Mlimani unagombewa na watoto wenye A na B za Hesabu kutoka nchi nzima, na nafasi zikijaa kwa wenye 9 na 8, mwenye 6 anabaki nje hata kama sifa anazo. Hicho ndicho kilichokutokea.

Kuhama kozi ndani ya chuo kunaruhusiwa, kaka hajakudanganya hapo. Ila kuna masharti mawili: uwe na sifa za kozi unayohamia, na nafasi iwepo. Sifa unazo, nafasi haipo, la sivyo wangekupa walipokuwa wanachagua. Watakaopewa viti vichache vinavyobaki wazi ni wale waliokuwa mbele yako kwenye foleni ile ile, nao pia wapo humo chuoni wanasubiri. Wanafunzi wanaoingia kozi moja huku macho yao yapo kwenye nyingine nimewaona wengi, na muhula wao wa kwanza unafanana: barua ya kuomba uhamisho, kuzunguka kwa wakuu wa idara, kukosa vipindi kwa kuwa “hii kozi si yangu”. Uhamisho unakataliwa, mitihani inafika, sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia. Wengine wanadisko, yaani wanaondolewa chuoni kabisa, kwenye kozi ambayo wangeifaulu wakiwa wamelala, kisa hawakuwahi kuifungulia daftari.

Kwa hiyo ukithibitisha Mlimani, hesabu kwamba umethibitisha ualimu, na uuchague kama ualimu. Mimi siudharau. Uhaba wa walimu wa Fizikia na Hesabu katika shule zetu ni wa miaka mingi, na binti mwenye Fizikia C anayependa kusimamisha darasa ana kazi ya kufanya nchi hii. Hata hivyo ile habari ya kwamba mwalimu wa sayansi anachukuliwa tu akishamaliza imebadilika: siku hizi walimu nao wanaitwa usaili na Sekretarieti ya Ajira kama wengine, na wanaomba ni wengi kuliko nafasi zinazotangazwa. Kama barua yako ingesema unapenda kufundisha na wasiwasi wako ni jina la chuo tu, jibu langu lingekuwa jingine. Haikusema hivyo. Neno elimu liko kwenye jina la kozi tu.

Baba yako namwelewa. Kuanzia 1970, Mlimani ilipoacha kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, hadi 1984, Sokoine ya Morogoro ilipoanzishwa, nchi ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu. Mtu akisema “yuko chuo kikuu”, hakuna aliyeuliza kipi. Huria ikaja 1992, vya binafsi vikafuata, na Dodoma, Ardhi na Muhimbili vikawa vyuo vikuu kamili mwaka 2007. Ile heshima ya zamani imebaki kichwani mwa wazazi wetu, na si ya bure: maktaba ya Mlimani, walimu wake na watu waliopita pale hawapatikani kirahisi kwingine. Kwenye sheria, uchumi au siasa, ambako nani ulisoma naye kuna uzito wake, ningemsikiliza baba zaidi.

Uhandisi hauendi hivyo, kwa sababu mlango wake una bawabu. Ukimaliza miaka minne haujawa injinia bado kisheria. Unajiandikisha Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, unaingia mafunzo ya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, ule mpango wa miaka mitatu ambao wahitimu wote wanauita SEAP, unajaza kitabu cha kumbukumbu cha kazi ulizofanya, ndipo unaomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Bodi inakuuliza kama shahada yako inatambulika, umefanya nini site na nani amekusimamia. Mwenye shahada ya Mlimani na mwenye ya Mbeya wanajaza fomu ile ile. Kwa kazi ya aina hii swali la kuuliza kabla ya kuthibitisha ni kama kozi imo kwenye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka huu, na kama bodi ya taaluma inaitambua. Hayo mawili yanaangaliwa kwa dakika chache, yaangalie kwa macho yako hata kama mimi nimekwambia.

MUST yenyewe si chuo cha jana. Ilianza kama Chuo cha Ufundi Mbeya mwaka 1986, ikapanda kuwa taasisi ya sayansi na teknolojia 2005, kisha chuo kikuu 2012. Asili hiyo ya ufundi bado inaonekana: karakana zipo, na utakaa nao darasani watu waliopitia diploma ambao wameshachanganya zege na kupima udongo kabla hujajua slampu, kile kipimo cha ulaini wa zege, ni nini. Mwanzoni watakutisha. Kaa karibu nao. Wewe utawasaidia Hesabu, wao watakusaidia michoro na maabara.

Nikwambie ukweli kuhusu Hesabu hiyo. C ya kidato cha sita inatosha kuingia, lakini mwaka wa kwanza wa uhandisi unakuja na hesabu za kihandisi, mekanika na uchoraji wa kihandisi kwa pamoja, na wengi wanaoanguka wanaangukia hapo, kabla hata hawajaona daraja. Una wiki kadhaa kabla ya kuripoti. Rudia kutafuta kinyambuo na kuunganisha (differentiation na integration), rudia vekta, usizitumie wiki zote hizi kupumzisha uchovu wa JKT. Na kwa uchoraji, kama hukusoma shule ya ufundi, nunua seti yako ya vifaa na uanze kuchora vitu vya nyumbani vikiwa vimetazamwa juu, mbele na ubavuni. Linaonekana la kitoto. Muulize yeyote aliyekesha anafuta karatasi ya A3 wiki ya kwanza.

Pia nataka ujipime mwenyewe kidogo. “Tangu kidato cha pili” ni maneno mazuri, ila je, umewahi kuona injinia akifanya kazi siku nzima? Hapo Nzega unabahatika. Bomba la maji ya Ziwa Victoria limepita kwenu, reli ya SGR inajengwa upande wa Bukene, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wana ofisi wilayani. Kabla hujathibitisha nenda ofisi ile, jieleze, omba kufuatana na fundi mchundo au injinia siku moja kwenye kalavati wanalojenga. Utaona jua, vumbi, kubishana na mkandarasi juu ya kokoto, na kurudi kujaza makaratasi. Ukirudi nyumbani bado unaitaka, una hoja ya kumpa baba iliyo nzito kuliko ndoto. Usipoitaka tena, nishukuru, kisha tuanze mazungumzo haya upya.

Tuje kwenye fedha, ambako ndiko vyuo vinashinda au vinaanguka, na ambako wazazi wengi wanasoma mstari mmoja tu wa ada. Ada ya vyuo vya serikali kwa kozi kama zako mara nyingi haivuki milioni moja na nusu kwa mwaka, kwa hiyo Mlimani na Mbeya hapo hazipishani sana. Juu yake kuna vile vidogo vinavyokuja pamoja siku ya usajili: ada ya TCU ya udhibiti ubora shilingi 20,000, bima ya afya kwa asiyekuwa nayo, ambayo kwa wanafunzi imekuwa 50,400, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, amana ya uharibifu. Barua ya udahili inayo orodha yote. Ichapishe, mkae na baba, mjumlishe.

Kinachotofautisha ni maisha. Mkopo ukipata, fedha ya chakula na malazi, bumu lenyewe, ni shilingi 10,000 kwa siku, na hutoka kwa mikupuo ya siku 60 hivi, maana yake laki sita ziende miezi miwili. Halitoki siku unayoripoti. Wanafunzi wanaripoti, majina yanahakikiwa, wanasaini, ndipo akaunti inajaa, kwa hiyo beba fedha ya kula na kulala ya mwezi mzima wa kwanza kana kwamba Bodi ya Mikopo haipo. Na likizo ndefu halina siku zake.

Laki sita kwa miezi miwili Mbeya na laki sita kwa miezi miwili Dar si fedha moja. Mchele, viazi, maharage, ndizi, Mbeya vinalimwa jirani. Chumba karibu na chuo, maeneo ya Iyunga, hakifanani bei na chumba cha Sinza au Changanyikeni, ambako mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi na dalali anataka ya mwezi mmoja juu. Mlimani ilipata hosteli za Magufuli mwaka 2017, vitanda 3,840, na bado wanafunzi ni wengi kuliko vitanda. Ndiyo maana kule kuna watu wanaobebwa, yaani wanalala kitanda kimoja na rafiki aliyebahatika kupata.

“Lakini shangazi yupo.” Namheshimu shangazi yako na wema wake. Toka Mbagala ufike Mlimani kipindi cha saa moja asubuhi: unaamka saa tisa na nusu usiku, unabadilisha daladala, unasimama kwenye foleni, jioni unarudi hivyo hivyo. Nauli ya mwezi inakula bumu. Tena mtoto wa ndugu anayekaa nyumbani kwa watu hasomi kwanza. Anaosha vyombo, anaangalia wadogo, mgeni akija anapisha chumba, na hawezi kusema ana jaribio kesho bila kuonekana ana kiburi. Si ubaya wa shangazi, ndivyo nyumba zetu zilivyo. Kwa mwaka wa kwanza wa sayansi au uhandisi, ningekuchagulia kitanda kibovu cha hosteli kabla ya chumba kizuri cha Mbagala.

Mama naye asikilizwe. Hofu yake si Mbeya, ni binti yake kuwa mahali asipojulikana na mtu. Hilo lina dawa. Omba hosteli ya chuo mara tu utakapothibitisha, maana vyuo vingi hutanguliza mwaka wa kwanza, na ukikosa, tafuteni chumba mkiwa wawili au watatu wa kike, si peke yako. Kanisa au msikiti wenu wa Nzega una wenzao Mbeya. Barua ya utambulisho bado inafanya kazi nchi hii. Kwa safari, Mbeya kupitia Tabora, Sikonge na Chunya si mbali kuliko Dar kupitia Singida, Dodoma na Morogoro. Dar inaonekana karibu kwa sababu tumezoea kuitaja. Na mwambie akufungie blanketi zito na sweta, Julai ya kule haina mzaha.

Chuo binafsi sikukizungumzia kwa sababu hata wewe hukukizungumzia. Kozi huitaki, ada yake huenda ikawa mara mbili ya serikali, na Bodi ya Mikopo ina kikomo cha ada inayolipa kwa kila aina ya kozi, kinachozidi ni cha mzazi. Vyuo binafsi vizuri vipo, hasa vya afya. Lakini pia mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kupokea wanafunzi wapya kwa ajili ya ubora, na waliosumbuka zaidi ni familia zilizokuwa zimeshalipa. Achana nacho.

Sasa baba. Usimwendee na “nataka”. Mwendee na karatasi: upande mmoja Mlimani, upande mwingine Mbeya, ada, malazi, nauli, na mstari wa mwisho unaosema ukimaliza unakuwa nani kisheria. Upande mmoja mwalimu, upande mwingine mhandisi mhitimu. Wazazi wengi wanaotaka Mlimani hawajui kozi iliyoandikwa kwenye barua. Wanajua jina la chuo tu, na wanadhani mtoto amekwenda Mlimani kusoma uinjinia. Huenda baba yako ni mmoja wao. Kama kuna baba mdogo au mwalimu wako wa Fizikia anayesikilizwa nyumbani, aongee yeye kwanza, wewe ujibu ukiulizwa. Ikifika saa ya mwisho baba hajakubali, mwombe ruhusa kwa heshima, lakini usithibitishe kwa siri. Miaka minne ni mirefu kuisoma huku mlipaji wa nauli amenuna.

Jambo moja linaweza kubadilisha jibu langu: mkopo ukikosekana kabisa na nyumbani hakuna namna ya kulipa mwaka wa kwanza. Hapo msikubali chuo chochote kwa matumaini. Awamu za Bodi ni zaidi ya moja, na anayekosa hupewa muda wa kukata rufaa, kwa hiyo fuatilia hadi mwisho kabla ya kukata tamaa. Jina linakwama mara nyingi kwa mambo madogo. Ingia kwenye fomu yako ya mkopo leo leo uangalie kama cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kama sahihi ya serikali ya mtaa au kijiji na ya mdhamini zipo zote, na kama namba ya mtihani wa kidato cha nne uliyoombea mkopo ndiyo ile ile kijana wa stesheneri aliyoitumia kuombea vyuo. Kama ulirudia mtihani au una namba mbili, hapo ndipo Bodi inakutafuta chuoni isikuone. Chukua fomu zote mbili, weka namba juu ya namba, tarakimu kwa tarakimu, ukiwa umekaa pale pale stesheneri unapokwenda kuchukua maneno yako ya siri.